Vumbi la Bwana, Kikohozi cha Bibi

Jumatatu, 10 Februari 1986

Tumemuzika Jean-Baptiste. Mvua ilijaza kaburi, vijana wakachota maji kwa ndoo kwanza, sisi tukingoja na sanduku mabegani. Hata kuzikwa ni taabu siku hizi!

Maskini Jean-Baptiste. Miaka yote pale atelier, karakana ya kampani, tulifunika mitungi ya mvuke pamoja, ya meli na ya gari-moshi, yeye upande huu, mimi upande ule. Pamba ya mawe – ile wazungu waliita amianti, wengine asbesto – tuliikanda na maji kama unga wa bukari, tukaibandika kwa mikono. Ikikauka na kukatwa, hatukuonana kwa vumbi. Tulijuana kwa sauti.

Mukubwa wa kampani alisimama na koti lake la abakosi akasema: vumbi la kazi limetunyang'anya tena fundi hodari.

Vumbi! Jean-Baptiste ameuawa na pombe ya lutuku. Mutaa muzima wa Kataki unajua. Macho manjano, tumbo kama ngoma. Lakini munganga wa hospitali ya kampani hakumugusa hata hilo tumbo. Aliuliza: alikuwa atelier? Alikuwa atelier. Basi, vumbi. Na fundi wa vumbi anapewa na kampani sanduku la mbao nzuri, sasa nani atabisha? Mujane wake Générose alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Zamu yangu iko njiani. Ninakohoa toka Noeli, na nimeshaandikwa: vumbi. Nilimwambia bibi yangu Julienne kwamba sanduku langu liko tayari, labda wanapiga randa sasa. Akanirushia kitambaa cha sahani. Hapendi mizaha ya namna hiyo. Mimi bila mizaha nitafanya nini?

Jumatano, 12 Februari 1986

Leo Julienne amechomwa sindano tena ubavuni. Wametoa maji chupa nzima. Mekundu.

Toka Agosti anameza dawa za kifua kikuu. Kikombe chake kinaning'inia nje peke yake kwenye musumari, sahani yake na kijiko chake vinaoshwa mbali. Analala chumba cha nyuma. Mimi nalala mbele na Pélagie, mutoto wa binti yetu Henriette, ili mutoto asivute pumzi ya Julienne, nkambo yake mugonjwa. Ana miaka mine, analala juu ya mukono wangu, asubuhi mukono umekufa ganzi.

Zamani, watoto walipokwisha kuondoka, tulikula sahani moja mimi na Julienne. Majirani walitucheka: wazee wanalishana! Sasa kila mutu na bakuli lake.

Hospitalini walimuuliza umezaa wangapi, umekohoa toka lini. Mama mwembamba, anakohoa: kifua kikuu. Wametafuta kidudu ndani ya makohozi mara nyingi, hawakukiona. Kimejificha, walisema. Dawa zinaingia, nyama inatoka.

Usiku tunasemezana kupitia ukuta wa matofali.

– Papa Henriette, unakohoa kama fisi.

– Na wewe kama kuku.

– Kuku analiwa. Fisi nani atamutaka?

Kisha anacheka, kicheko kinamukata pumzi, ananyamaza. Mimi nasikiliza mpaka nasikia amevuta tena. Namupenda sana huyu mama. Sijui ukuta unasikia nini, lakini namupenda.

Jumapili, 16 Februari 1986

Misa. Julienne alikaa benchi ya mwisho, karibu na mulango. Padri aliposema tupeane amani, hakuna aliyemupa mukono. Mama mumoja alivuta mutoto wake kabisa.

Nilitoka mbele kwa wanaume, nikapita kanisa zima nikikohoa, nikamushika mikono yote miwili. Watu waligeuka. Padri akangoja.

– Muzee huna haya, Julienne alininong'oneza. Lakini kidole changu hakukiachia mara moja.

Ijumaa, 21 Februari 1986

Mugeni. Munganga, jina lake Mujinga, jina la Kiluba, ametoka Lubumbashi. Mwanamuke kijana, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Ametumwa kuhesabu wafu wa vumbi wa hapa Kalemie, na wale wanaoelekea huko. Mimi naelekea huko. Nikamupa kiti.

Aliuliza mambo ambayo munganga wa kampani hajauliza hata siku moja. Unatoka jasho usiku? Ndiyo, shuka inalowa. Umetema damu? Kidogo. Umekonda? Nikamuonyesha mukanda wangu. Akatoa kikopo, akasema niteme.

Nilikasirika! Nikamwambia: mama, mimi ni muntu wa vumbi, wamekwisha kuniandika. Kifua kikuu cha nyumba hii kiko chumba cha nyuma, na kina kikombe chake.

– Vumbi halikatazi kidudu, Papa. Nyumba yenye panya haingiliwi na mwizi?

Alisema ameyapitia mafaili ya mafundi wote. Hakuna hata mumoja aliyetemeshwa. Walisoma «atelier», wakafunga faili.

Julienne alisikia kutoka nyuma akapaza sauti: tema, Papa Henriette, mugeni wa watu asichelewe! Nikatema. Ilikuwa ili aende zake.

Jumanne, 25 Februari 1986

Ninacho.

Kifua kikuu. Mimi! Yule wa maabara anasema kwenye kioo vidudu vimejaa kama ndagala kwenye wavu. Nilicheka pale pale mbele ya watu. Nimekaa kungoja sanduku la vumbi, kumbe naumwa ugonjwa wenye dawa.

Munganga Mujinga anasema nitapona, nikimeza dawa bila kuruka. Lakini miezi miwili ya kwanza nilale peke yangu, kikombe changu, sahani yangu, mpaka makohozi yawe safi.

Nilipofika njiani kicheko kikaisha. Pélagie! Mutoto amelala juu ya mukono wangu miezi yote hii. Tulimuondoa kwa nkambo yake ili asiambukizwe, tukamuleta kwangu.

Na nikamukasirikia Julienne. Naandika kama ilivyokuwa. Nilisimama nyuma ya mulango wake nikasema: umeniambukiza, na mimi nimemuambukiza mutoto. Baadaye nikasikia analia polepole, namna ya muntu asiye na pumzi ya kulia vizuri. Nikarudi kuomba radhi. Akasema, kweli si ni mimi? Wewe umesema kweli tu.

Afadhali angenitukana.

Jumatano, 26 Februari 1986

Henriette amekuja kutoka Lubuye, amempeleka Pélagie kupimwa. Kifua safi! Amepewa vidonge vya kumukinga. Asante Mungu, asante Mama Maria. Henriette ameondoka naye. Mutoto alilia, anataka mukono wangu, wa nkambo. Nyumba imenyamaza, tumebaki wagonjwa wawili na vikombe viwili kwenye musumari.

Jumatatu, 3 Machi 1986

Munganga Mujinga hakukubali maneno yangu kwamba Julienne ndiye amenipa. Kama yeye ndiye, alisema, nimuone basi.

Tukaenda. Njia fupi, lakini Julienne alipumzika kwa Mama anayeuza ndagala, kwa fundi viatu, na tena chini ya ukuta wa posta. Kila mahali alisingizia kusalimia. Kwa fundi viatu aliuliza habari za watoto mpaka fundi akashangaa, maana hana watoto.

Makohozi yake walipima tena. Hakuna kitu. Munganga akainua picha ya kifua chake dirishani, akaitazama sana. Kisha akaketi na kuuliza kama wanavyouliza wote: miaka? Watoto? Kazi?

Mimi nikadakia kabla hajafungua kinywa.

– Hana kazi. Ni wa nyumbani.

Munganga akaanza kuandika. Julienne akasema, bila ugomvi wowote:

– Kweli, sikuwa na kazi. Nilikuwa nafua tu.

Kalamu ikasimama.

– Ulifua nini, Mama?

– Salopete zake, nguo za kazi! Si nilikuwa bibi wa fundi?

Na akaeleza, akifurahi kabisa, mashavu yamepata damu. Kwamba pale kwa mafundi sifa ya bibi ilikuwa salopete. Jumatatu asubuhi wanaume walitazamana getini: nani amekuja mweupe na vumbi la juma lililopita, nani amekuja bluu, rangi ya salopete safi. Wa bluu ndiye ana bibi nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi, salongo, kazi ya lazima ya serikali, ikiisha, wamama wote wanatoka uani. Huwezi kulowesha kwanza, vumbi linashika kama gundi. Unakung'uta. Unaipiga salopete kwenye jiwe, kavu, mpaka isitoe kitu, halafu ndiyo maji. Wanapiga pamoja na wimbo, pa-pa, pa-pa, uani hakuonekani mutu. Watoto waliwaita Bamama Bazungu.

– Tulicheka! alisema. Tulikuwa weupe mpaka kope. Na Jumatatu bwana wangu alikuwa bluu. Uliza atelier nzima.

Ni kweli. Nilikuwa bluu. Nilipita getini kifua mbele kama mwenye shamba.

Munganga hakucheka. Mimi pia nilikuwa nimeacha, maana niliona anakokwenda na sikutaka afike.

Ametuambia turudi Alhamisi.

Alhamisi, 6 Machi 1986

Amefika.

Si kifua kikuu. Julienne hajawahi kuwa nacho. Munganga anasema hawezi kuapa, mashine ya kuapa haiko hapa, lakini picha, maji mekundu, na zile Jumamosi vinasema neno moja. Vumbi. Limeotesha kitu kwenye ngozi inayofunika mapafu. Vidonge alivyomeza toka Agosti vilikuwa vya ugonjwa wa muntu mwingine.

Julienne alijifunga kitenge upya. Kisha:

– Hivi sikumuambukiza mutu?

– Hukumuambukiza mutu, Mama.

– Wala yeye?

– Wala yeye. Amekipata huko nje, kwa watu.

Akajifunika uso na kitenge. Nikadhani analia kwa ajili ya kifo. Hapana! Ilikuwa furaha. Toka Agosti alibeba moyoni kwamba yeye ni sumu. Alipofunua uso alinipiga kofi dogo begani.

– Unasikia, fisi? Si mimi.

Halafu akamuuliza munganga kama sasa na yeye atahesabiwa fundi. Kama atapewa sanduku la mbao nzuri, na mukubwa wa abakosi aje kusema hodari. Anafanya mizaha yangu! Mimi sikuweza kucheka.

Julienne akatoka kujisaidia, munganga akafunga mulango. Nikamuuliza amebakiza muda gani, nikijua nitajuta kuuliza. Akasema hakuna dawa. Watatoa maji akibanwa, watamupa kitu cha maumivu. Miezi mine. Mitano, ikiwa hapatwi na kitu kingine juu yake.

– Kitu kama nini?

Alinitazama tu. Nikaelewa. Kama changu.

Nikamuuliza pia kama kweli atamuweka Julienne kwenye hesabu yake. Maana lazima nishike kitu fulani. Akafungua mikono. Wafu wa vumbi wa hapa, alisema, ni wanaume arobaini na mumoja. Wanawake, hakuna. Lubumbashi wataisoma, watasema vumbi haliui wanawake, na mwaka kesho mama akija anakohoa, munganga mwingine atasema hivyo hivyo: umesoma hesabu? Si vumbi. Hesabu inazaa hesabu. Aliambiwa kuhesabu wenye karte ya kazi, na yeye mwenyewe, alisema, aliona sawa mpaka Jumatatu.

– Jean-Baptiste yumo? niliuliza.

– Yumo.

– Yule wa lutuku!

– Yumo, Papa. Na Mama atakuwa kwenye hesabu ya kifua kikuu, nisipopigana.

Amesema atapigana. Alichomeka kalamu tena kwenye nywele, ni mutoto bado.

Njiani nikawaza wamama wa ile safu ya nyumba za mafundi. Mama Édouard, nyumba ya tatu, aliyeongoza wimbo wa kupiga salopete. Tulimuzika mwaka juzi, kifua kikuu, bwana wake akatupa hata godoro lake motoni. Na yule wa pembeni aliyerudi kwao Nyunzu, amekonda. Nani alimuuliza kitu?

Sijamwambia Julienne kwamba ni miezi mine. Hakuuliza. Nimejisemea kwamba hataki kujua.

Ijumaa, 7 Machi 1986

Julienne ametoa kikombe chake kwenye musumari. Amekiosha, amekiweka kabatini kati ya vikombe vingine, katikati kabisa, amesukuma vingine pembeni.

Changu kimebaki nje.

Henriette amekuja. Nilimwambia ukweli wote nje, karibu na jiko. Amelia ndani ya kanga. Anasema usimwambie mama, atakata tamaa. Mimi nasema hewala. Halafu nasema, lakini ni miezi yake, si yetu. Halafu nasema hewala tena. Sijui ninachosema.

Salopete moja bado iko sandukuni, chini, ninaivaa kupaka chokaa. Nilitaka kuichoma. Henriette akanishika: Papa, utaikung'uta? Acha hapo hapo. Tumefunga sanduku kwa kamba.

Nilimuuliza Julienne kama ananichukia. Ni mimi niliyelileta nyumbani, juu ya mugongo wangu.

– Ulijua?

– Hapana.

– Basi. Na mimi nilikupeleka kwenye vumbi kila Jumatatu, nimekupigia pasi. Tuchukiane wote wawili? Hatuna nafasi ya kazi hiyo.

Hatuna nafasi. Amesema hivyo. Labda anajua.

Jumapili, 9 Machi 1986

Mvua toka misa. Ziwa halionekani. Nimekaa mezani karibu na dirisha, nimefunika kinywa na kitambaa kama nilivyoagizwa, nimemeza vidonge vyangu. Chakula cha muchana nilikula humu, yeye jikoni. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa na mawese mengi, anajua napenda.

Sasa hivi ametokea mulangoni. Amekumbatia muto wake.

– Nimerudi kwangu, amesema.

Nimesimama, nimerudi nyuma mpaka ukutani. Nimemwambia asivuke. Nimemwambia vidudu bado ni vizima, miezi miwili, munganga amesema miezi miwili, na kwa kifua chake kile hata kimoja kitatosha. Nimepaza sauti. Sikutaka kupaza sauti.

Hakuvuka. Ameegemea mulango anatafuta pumzi.

– Toka Agosti mulinitenga kwa ugonjwa usio wangu, nikatii. Nilikula kwenye kona kama muchawi. Leo ni wako, bado natengwa mimi?

– Si wewe. Ni mimi ninayetengwa.

– Kutoka upande huu ni kitu kimoja.

Nimekaa tena. Nimechukua kalamu, maana mikono yangu inataka kwenda kwake na lazima niipe kazi. Mvua inapiga mabati, inabidi aseme kwa nguvu, na nguvu hana.

– Wewe munganga amekupa miezi miwili ya kulala peke yako. Haya. Mimi amenipa mingapi?

Naandika haya yote ili nisiinue uso.

– Andika, anasema. Nangoja.

Kama nikimuita aingie, namuua mapema. Kama nikimuzuia, ninamunyima nusu ya kilichobaki, na ninajinyima mimi, ambaye nitapona. Nitapona! Nitabaki hapa na mapafu mazuri. Mungu wangu, nilikuwa tayari kwa sanduku langu, kwa hili sikujitayarisha.

– Ni zaidi ya miwili?

Nimetikisa kichwa kwamba ndiyo.

– Zaidi sana?

Sikutikisa kitu.

Nasikia anavuta kiti cha jikoni sakafuni, anapumzika, anavuta tena. Amekiweka juu ya kizingiti kabisa, upande wake. Ameketi, muto mapajani, macho kwangu.

– Fungua dirisha lote, anasema, mvua iingie ikitaka. Na weka kalamu chini, Adalbert.

Jina langu. Hajalitaja toka Henriette azaliwe.

– Weka chini, tuhesabu miezi pamoja.